Mambo mengi, muda mchache: jinsi ya kupunguza mishemishe ubaki na ya muhimu

Hii naiandika kwa mtu wa mjini, na mjini namaanisha Dar maana ndo ninakokujua, ila hata wa Mwanza, Arusha au Mombasa atajikuta humu. Ana kazi ya mshahara, ana kabiashara pembeni, ana watoto au wadogo zake anaowasomesha, yuko kwenye kikoba cha kuweka na kukopa, yuko kwenye kamati ya harusi ya mtu, simu yake ina magrupu mengine hata hajui yalianzia wapi, na ukimuuliza mbona umepotea anakujibu "mambo ni mengi ndugu yangu". Kweli ni mengi. Ila ukimwambia ayataje moja moja hayataji, anajua tu kachoka.

Ushauri mwingi unaozunguka mitandaoni unakwambia tengeneza ratiba, amka saa kumi alfajiri, jifunze kukataa. Sasa ratiba haipunguzi kitu, mzigo ni uleule ila sasa umepangwa kwa rangi. Na kukataa kwa mtindo wa kumfungia mtu mlango, hapa kwetu haiendi, maana haohao unaowakatalia ndo watakaokuja kukaa na wewe kwenye turubai siku umefiwa. Kwa hiyo njia ninayoielekeza inakwenda hivi: kwanza ujue muda na hela vinaenda wapi, pili uchague vitu vitatu, halafu uanze kutoa vingine kidogo kidogo, kwa adabu, bila kugombana na mtu. Huko kwenye kutoa ndo kwenye kazi, na ndo nitakaa sana.

Anza na hesabu ya wiki

Wiki ina masaa 168. Chukua kalamu. Ukilala masaa 7 kila siku yanaondoka 49, yanabaki 119. Kazi 45, yanabaki 74. Njiani, kwa mtu anayetoka Chanika au Mbezi kwenda Posta, weka masaa matatu kwa siku kwenda na kurudi, siku sita ni 18, yanabaki 56. Mapumziko ya mchana kazini saa moja mara siku sita, yanabaki 50. Kuoga, kula, kupiga pasi, kujiandaa, masaa mawili kwa siku ni 14, yanabaki 36. Simu ukiipa masaa matatu kwa siku tu, na wengi wanavuka hapo, ni 21, yanabaki 15.

Masaa 15. Humo ndo kuna mume au mke, watoto, mzazi, ibada, mazoezi, biashara ya pembeni, vikao, misiba, na kukaa tu bila kufanya kitu. Yako yatakuwa tofauti, labda unapanda mwendokasi Kimara unafika haraka, labda simu unaitumia hukohuko kwenye foleni, sawa, piga ya kwako. Ila piga kweli, kwa kuandika, usikadirie kichwani maana kichwani kila mtu anaamini analala masaa manane na simu anaigusa dakika kumi.

Na ushahidi usiutafute mbali, upo mkononi. Ingia kwenye setingi za simu, kwenye Android kuna sehemu inaitwa Digital Wellbeing na kwenye iPhone kuna Screen Time, itakuonyesha kila programu umekaa nayo muda gani. Halafu omba taarifa ya miamala ya miezi mitatu kwenye mtandao wako wa simu, ile ya hela zilizotoka. Hii ya pili watu hawaifanyi na ndo inayosema ukweli zaidi, maana hela inafuata moyo, utaona jina la kijumbe anayekusanya hela za mchezo, jina la mweka hazina wa kamati, bodaboda za kukimbizana na vitu ulivyosahau, vocha, chipsi za usiku kwa sababu hakuna aliyekuwa na nguvu ya kupika. Pigia mstari kila muamala ambao ukiuona sasa hivi hukumbuki ulikuwa wa nini, ama unakumbuka ila roho inauma. Usihukumu kitu kwa sasa, weka alama tu.

Chagua vitatu, na uviandike kama kazi

Vitatu. Najua una saba, na vyote ni muhimu, lakini masaa 15 hayagawanyiki kwa saba yakaacha kitu.

Namna ya kuvichagua: chukua kila jambo kwenye maisha yako ujiulize, hili nikiliacha mwaka mzima, nani anaumia, na je linaweza kurudishwa? Biashara ya nguo ukiisimamisha mwaka unaweza kuifungua tena. Mtoto wa darasa la tatu asiyejua kusoma vizuri, mwaka huo haurudi, anafika la nne kwenye mtihani wa taifa akiwa vilevile. Presha na sukari ukizipuuza mwaka unajua zinakoishia. Mzazi wa miaka 78 kijijini, hesabu mwenyewe. Harusi ya binamu wa rafiki yako wa chuo, mwaka ukipita hata yeye hakumbuki nani alikuja. Ukilipitisha kila jambo kwenye swali hilo, vitatu vyako vinajitokeza, na mara nyingi sio vile unavyovipa muda sasa hivi.

Halafu usiandike "familia" ama "afya". Hayo ni maneno ya kuweka kwenye stetasi. Andika kitu kinachofanyika, na siku yake: Jumanne na Alhamisi usiku nakagua madaftari ya mtoto, simu iko chumbani. Jumamosi asubuhi natembea saa moja kabla jua halijachoma. Kila baada ya miezi miwili naenda kumwona mama. Kwa wenye wazazi Morogoro au Dodoma hili la mwisho limekuwa rahisi tangu treni ya SGR ianze mwaka 2024, Dar hadi Morogoro ni chini ya masaa mawili, unaenda Jumamosi unarudi Jumapili na Jumatatu uko kazini kama kawa.

Kama una mwenza, kaeni wote wawili muandike pamoja. Ukichagua peke yako, kuna siku utakataa kikao cha ukoo kwa sababu ya daftari la mtoto, na wa kwanza kukushangaa atakuwa huyohuyo uliye naye ndani.

Michango na shughuli

Hapa sasa. Mimi naamini kwa mtu wa kipato cha kati mjini, hakuna kitu kinachokula muda na hela pamoja kama shughuli. Harusi siku hizi haiji peke yake, kuna kitchen party, kuna sendoff, kuna harusi yenyewe, na kila moja ina kamati, ina grupu, ina sare, ina kadi ya singo na dabo. Ongeza ubarikio na kipaimara, arobaini ya mtoto, birthday ya mtoto wa mwaka mmoja ambaye mwenyewe amelala. Tuseme kwa mwezi unapata kadi sita, kila moja 50,000, hiyo ni laki tatu kwa mwezi, milioni tatu na laki sita kwa mwaka, bado hujahesabu nguo, saluni, nauli na Jumapili za vikao.

Ila pia usiniambie tuache. Mchango ni bima. Wengi hatuna akiba ya kumsafirisha maiti kwenda Bukoba, watu ndo akiba yetu, na mtu asiyetoa anajulikana. Kwa hiyo usikate, panga madaraja.

Daraja la kwanza ni ndugu wa damu na marafiki ambao ukilazwa leo watakuja na uji. Hawa wanaweza kuwa kumi na tano, ishirini hivi. Kwao unatoa vizuri, unaenda, unaosha vyombo ikibidi. Daraja la pili ni majirani na watu wa kazini unaofanya nao kila siku, kwao unatoa kiasi kimoja kisichobadilika na unaenda ukiweza. La tatu ni wengine wote, aliyekutumia kadi kwa sababu namba yako ilikuwa kwenye simu yake. Kwa hawa unatuma kidogo cha heri, ama unatuma pongezi tu, na ukumbini huendi. Andika majina ya daraja la kwanza kwenye karatasi kabisa, maana kadi ikija na sauti ya kubembeleza kila mtu atageuka wa daraja la kwanza.

Halafu weka kiasi cha mwaka mzima cha shughuli, kitoe kwenye mshahara kila mwezi ukiweke pembeni kwenye laini nyingine. Kikiisha kimeisha. Hii inasaidia kwa sababu unapojibu unasema ukweli, fungu limeisha, hutafuti uongo.

Kingine, acha kuahidi. Ahadi ya 100,000 inayokaa miezi mitatu inakula akili kuliko 30,000 iliyotumwa siku hiyohiyo. Kamati inakupigia, mweka hazina anakutaja kwenye grupu mbele za watu, unaanza kukimbia simu, na mwisho unalipa 100,000 ileile ukiwa umeshachukiwa. Aliyetuma 30,000 mapema wanamsifia, amini nakwambia, kwa sababu ndo anawasaidia kulipia ukumbi.

Maneno ya kutumia, wengi hukwama hapa. Kwa mkubwa: "Shikamoo mama, kadi nimeipata, hongera sana kwa kumlea binti mpaka hapo. Mwaka huu majukumu yamenikaba, naomba upokee hii 20,000, ukumbini sitafika ila dua zangu mnazo." Kwa rafiki: "Kaka hongera, sitaki nikuahidi halafu nikusumbue, natuma hiki leo nimalizane na wewe, kamati sitaweza." Unaona, humo hamna neno "siwezi" likiwa limesimama peke yake, kuna hongera, kuna kitu kidogo mkononi, na kuna mpaka. Usieleze sana. Ukianza kueleza ada na kodi na mdogo wako mgonjwa, unafungua mazungumzo, na kwenye mazungumzo utashindwa.

Nafasi kwenye kamati (uenyekiti, ukatibu, sijui usimamizi wa chakula) kubali moja kwa mwaka, tena kwa mtu wa daraja la kwanza. Wale wanaojua kupanga vitu ndo huwa wanachaguliwa kila mara, ukikaa kimya utachaguliwa ukiwa hata hupo.

Misiba usiiweke kwenye haya madaraja. Msiba nenda. Kama siku ya mazishi imegoma kabisa, nenda jioni moja kabla ama baada, kaa nusu saa na mfiwa, hiyo nusu saa anaikumbuka kuliko lile kundi la watu mia tatu siku ya mazishi. Wale wanaopunguza maisha kwa kuanza kukwepa misiba wanapunguza mahali pasipopunguzwa.

Vikoba na michezo

Kikoba kimoja, mchezo mmoja wa kupeana hela kwa zamu, basi. Mtu yuko kwenye vikoba vitatu, kila kimoja kina kikao cha wiki, kina hisa, kina mfuko wa jamii, kina faini ya kuchelewa, anakopa huku kulipia kule, na anaita kuweka akiba. Chagua kile chenye watu unaowaamini na mahesabu yanayosomwa wazi. Ila usitoke katikati, hili ni muhimu, subiri mzunguko uvunjwe mgawane, maana ukitoka kati kuna mikopo, kuna watu uliowadhamini, na kwenye mchezo kama umeshapokea hela huwezi kuondoka kabla wenzio hawajapokea. Mwambie kijumbe mapema kwamba mzunguko huu ukiisha mimi nakaa pembeni, apate muda wa kutafuta mtu.

Magrupu

Hii ni kazi ya jioni moja. Fungua WhatsApp, pita kila grupu. Yale ya vitatu vyako (shule ya mtoto, familia, kazi) yaache na sauti. Yanayobaki ambayo huwezi kutoka bila maneno, kama la ukoo mpana, la mtaa, la mliosoma wote sekondari, yazimishe sauti milele, programu inakupa chaguo la masaa 8, wiki 1 au daima, wewe chagua daima, halafu yapeleke kwenye kumbukumbu, ile akaivu, yatakaa huko hata meseji zikiingia mia. Utayapitia mara moja kwa siku, saa mbili usiku labda, ukiangalia kama kuna msiba, maana tangazo la msiba ndo kitu pekee cha haraka kule, mengine ni picha za maua na "asubuhi njema".

Yale ya harusi zilizokwishapita, yaani watu wameshazaa na grupu bado lipo, toka. Tangu 2022 ukitoka kwenye grupu wanaoarifiwa ni maadmini tu, sio kila mtu kama zamani, kwa hiyo ile aibu ya "fulani katoka" imepungua sana. Halafu ingia setingi, faragha, magrupu, weka kwamba wanaoweza kukuingiza grupu ni waliopo kwenye namba zako tu, na pale pana sehemu ya kuwatoa baadhi, watoe wale wenye tabia ya kufungua grupu kila wakipata wazo.

Facebook, Instagram na TikTok sitaki kuhubiri, kila mtu na starehe yake. Zima tu zile taarifa zinazoruka juu ya skrini, uingie ukitaka wewe.

Kazini

Watu wengi hawajui sheria inasemaje, na mabosi wengine wanapenda iwe hivyo. Kwa Tanzania bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka masaa ya kawaida kuwa 45 kwa wiki, yasizidi 9 kwa siku, siku zisizidi 6. Masaa ya ziada yanahitaji makubaliano, yasizidi 50 ndani ya wiki nne, na yanalipwa mara moja na nusu. Una haki ya kupumzika masaa 12 mfululizo kati ya siku moja ya kazi na nyingine, na masaa 24 kila wiki. Likizo ya mwaka ni siku 28 mfululizo. Angalizo, hiyo sehemu ya masaa haiwahusu wale wanaosimamia wenzao kwa niaba ya mwajiri na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu, kwa hiyo kama wewe ni meneja usikimbilie kumnukulia bosi vifungu.

Na hata kama sio meneja, usimnukulie. Sheria uijue ili ujue mwenyewe umesimama wapi. Kinachofanya kazi siku kwa siku ni swali hili, unaliuliza kila bosi anapoongeza kitu: "Sawa bosi, hii na ile ripoti uliyonipa juzi, ipi nianze nayo?" Unauliza kwa heshima kabisa, na yeye ndo anachagua nini kisubiri. Usipouliza, anadhani vyote vinafanyika, na wewe unabaki ofisini mpaka saa mbili usiku kufidia kitu ambacho pengine hakikuwa na haraka yoyote.

Likizo ichukue. Kuna watu wanajivunia kutochukua likizo. Iombe mapema, Januari, wenzako hawajajaza kalenda, na uiweke kwenye likizo ya shule kama una watoto.

Jambo la mwisho la kazini ni foleni. Kama ofisi inaruhusu, kuingia saa moja na kutoka saa kumi kunaweza kukuokolea saa nzima barabarani kuliko kuingia saa mbili na kila mtu. Na kama umepanga, piga hesabu ya kuhamia karibu: kodi itapanda, ni kweli, ila toa nauli, toa chakula cha njiani, halafu jiulize masaa kumi kwa wiki ungeyanunua shilingi ngapi.

Biashara za pembeni

Kila mtu ana mchongo pembeni, na mshahara peke yake wengi hautoshi, simlaumu mtu. Ila michongo mingine inakulipa kidogo kuliko unavyodhani kwa sababu muda wako hujauhesabu.

Chukua kuku wa nyama, maana ndo mchongo unaopendwa. Tuseme umeingiza vifaranga 200, wiki tano umeuza, umetoa vifaranga, chakula, chanjo, mkaa wa joto na waliokufa, umebaki na laki tatu mkononi. Unafurahi. Sasa hesabu muda: saa moja asubuhi na saa moja jioni kila siku kwa siku 35 ni masaa 70, ongeza kumi ya kufuata chakula na kutafuta wateja na kumtafuta yule aliyechukua kuku kumi kwa mkopo, ni 80. Laki tatu gawa kwa 80 ni 3,750 kwa saa. Wakati huohuo una ujuzi wa uhasibu, kuna mtu na duka lake Sinza angekulipa 150,000 kwa mwezi umuwekee vitabu sawa, kazi ya masaa kumi, hiyo ni 15,000 kwa saa, na vitabu havihitaji chanjo ya kideri siku ya saba.

Sisemi kuku wabaya. Kama uko nyumbani mchana au una mtu mwaminifu bandani, fuga. Nachosema piga hii hesabu ya faida kwa saa kwa kila mchongo ulio nao, uwakala, nguo za mtumba za mtandaoni, bodaboda uliyompa kijana kwa hesabu ya kila siku, keki za oda. Upange kutoka wenye saa ghali mpaka wenye saa rahisi. Wa mwisho uache. Ukiuacha, muda wake mpe wa kwanza, ama mpe mtoto, itategemea vitatu vyako vinasemaje.

Kuna mchongo mwingine hauingizi kitu ila tunaushikilia kwa sababu tulishautangaza. Jamaa alifungua ukurasa wa kuuza viatu, akawaambia watu wote, sasa anauza jozi mbili kwa mwezi na kila siku anapiga picha, anajibu "bei gani" za watu wasionunua. Funga. Hakuna atakayekuuliza zaidi ya wiki mbili, watu wana yao.

Nyumbani

Kwa haraka, maana haya wengi mnayajua. Maharage yachemshe mengi Jumapili uyagawe kwenye mifuko na uyagandishe, nyanya na vitunguu sagia kabisa, hapo jioni kupika ni nusu saa. Luku nunua ya mwezi mara moja mshahara ukiingia, vilevile gesi uwe na mtungi wa akiba kama uwezo upo, maana kukatikiwa katikati ya wiki ndo kunaleta kukimbizana. Sare za shule ziwe zimefuliwa na kupigwa pasi za wiki nzima Jumapili. Nguo zako za kazini punguza aina, suruali tatu na mashati matano yanayoingiliana, asubuhi husimami mbele ya kabati.

Na kama una dada wa kazi, ukimpa kazi muachie. Dada anadeki halafu mama anarudia kudeki, dada anapika halafu mama anapika tena kwa sababu chumvi, sasa hapo umelipa mshahara na kazi umefanya wewe. Mfundishe wiki mbili kwa subira, mlipe kwa wakati, mpe siku yake ya kupumzika, halafu ukubali nyumba isafishwe kwa mkono wake. Baba naye ana mikono, watoto wa miaka kumi wana mikono, kufua soksi hakuhitaji mtu mzima.

Mwezi wa kwanza utakuwaje

Utasemwa. Jiandae. Kuna shangazi atasema umebadilika tangu upate gari, kuna wa ofisini atasema unajitenga. Wewe usijitetee kwenye grupu, mpigie simu shangazi dakika kumi umsalimie vizuri, muulize na miguu yake, malalamiko mengi ya ndugu yanatokana na kukosa salamu na wala sio pesa. Simu moja ya namna hiyo kila Jumapili inakulipia vikao vitatu ulivyokosa.

Pia utashangaa muda ukipatikana hujui uufanyie nini, unajikuta umeshika simu tena. Ndo maana nilisema vile vitatu viandikwe na siku zake kabla hujaanza kutoa chochote, ili saa ikifunguka Jumanne usiku kuna daftari linasubiri. Na acha jioni moja kwa wiki haina kitu kabisa, mi napendekeza Jumatano, isiyo na kikao, isiyo na oda, isiyo na mgeni wa kupangwa. Mtu akiuliza Jumatano uko wapi, mwambie nina ratiba, maana unayo.

Usifanye yote kwa pamoja. Wiki ya kwanza piga hesabu na fagia magrupu, ya pili kaa na mwenza muandike vitatu na majina ya daraja la kwanza, ya tatu zungumza na kijumbe na kamati, ya nne piga hesabu ya michongo. Kuanzia hapo kila kipya kinachotaka kuingia, kikoba kipya, kozi mpya, uongozi wa jumuiya, kitaje kwanza kinachotoka ndipo ukubali. Miezi mitatu ikiisha omba tena ile taarifa ya miamala, iweke pembeni ya ile ya kwanza, usome majina.